Guangzhou au Bukoba? Masafa marefu na safari za ndani kwa rubani anayechagua

Kijana mmoja, rubani msaidizi wa ndege za pangaboi, alinifuata wiki iliyopita na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi. Ameitwa kwenye usaili wa ndege kubwa. Ana saa 2,100 angani, ana mke, ana mtoto wa miezi saba. "Kapteni," akaniuliza, "niende au nibaki?" Nilimwomba anipe siku mbili. Hili ndilo jibu lake, na la yeyote aliyesimama kwenye njia panda hiyo.

Nimerusha safari za ndani miaka tisa, nikaenda masafa marefu miaka sita, kisha nikarudi za ndani kwa hiari yangu. Kwa hiyo nina upande, na sitauficha. Kwa rubani ambaye hajawa kapteni, naona safari za ndani zinampa mali ambayo hataipata tena akishaondoka. Vijiweni watu hulinganisha mshahara na ukubwa wa ndege. Mimi ningelinganisha mambo mawili kabla ya hayo: mikono yako na usiku wako.

Utatua mara ngapi kwa mwaka?

Chukua kalamu tuhesabu. Siku ya kawaida ya safari za ndani ina miruko minne: Dar es Salaam hadi Mwanza, Mwanza hadi Bukoba, kisha kurudi njia ile ile. Marubani mko wawili na mnapokezana usukani, kwa hiyo kila mmoja anatua mara mbili. Ukifanya kazi siku 14 kwa mwezi, kwa miezi 11 ukitoa likizo, umetua zaidi ya mara 300.

Sasa masafa marefu. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha saa 900 za kurusha kwa mwaka. Dar hadi Guangzhou ni mwendo wa saa kumi hivi, maana yake hata ukikigusa kikomo chenyewe utakuwa umefanya miruko 90 tu, na katika kila mruko mko watatu au zaidi. Anayepata kutua mara 30 kwa mwaka amebahatika. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ilibeba marubani wanne kwa mwendo wa saa 15 hivi. Wanne walipanda pamoja, na kutua kulikuwa kwa mmoja.

Kanuni za kimataifa zinadai rubani awe ameruka na kutua walau mara tatu ndani ya siku 90. Mtu wa safari za ndani huimaliza sharti hiyo kwa siku mbili na wala haikumbuki. Mimi nilipokuwa masafa marefu niliwahi kupelekwa kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, kwa sababu hiyo tu: ndege moja ilikuwa matengenezoni, rosta ikapungua, siku zikanikaribia kabla sijatimiza tatu zangu. Nilikaa kwenye kile chumba kinachotikisika, nikatua mara tatu mbele ya skrini, nikarudi nyumbani nikiwa halali kisheria. Lakini mikono ilijua kwamba haijatua popote.

Mikono hujengwa kwa kutua, na hujengwa zaidi pale ambapo kutua si rahisi. Njia ya kurukia ndege ya Dar ina urefu wa kilomita 4.6. Ya Bukoba ni kama theluthi ya hiyo, na ziwa liko pale pale. Ziwa Victoria lenyewe lina tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo hutoka pande zote za ufuo kuingia katikati, hewa ikakutana, ikapanda, ikawa mawingu ya radi. Mchana mambo hugeuka: ziwa hutulia na radi huhamia nchi kavu. Basi ndege ya asubuhi ya Mwanza au Bukoba hukutana na mabaki ya usiku. Hapo ndipo rubani msaidizi anapojifunza kuisoma rada ya hali ya hewa, kuzunguka wingu, kusubiri angani, na lile gumu kuliko yote, kukubali kurudi Mwanza na abiria wanaonung'unika. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege aina ya ATR 42 iliyokuwa na watu 43 iliishia majini ikikaribia Bukoba, na watu 19 wakafariki, marubani wote wawili wakiwamo. Hakuna rubani wa njia hiyo asiyeikumbuka siku ile anapoteremka kuelekea ziwani.

Kuna pia shule fupi ya Dar hadi Unguja, dakika 20 hivi. Hujamaliza kupanda, unaanza kushuka. Orodha za ukaguzi, mnara, hali ya hewa, wahudumu, vyote vinakuja kwa pamoja, na ukichelewa jambo moja ndege inakutangulia. Wenzetu wa Caravan, ndege ndogo za injini moja, wanaotua viwanja vya mbugani kama Seronera au Ol Kiombo huongeza lao: hupita chini kwanza kuhakikisha nyumbu wameondoka njiani, kisha ndipo watue kwenye vumbi. Na huku pwani upepo wenyewe ni mwalimu. Kaskazi ikivuma tunatua Dar tukielekea kaskazini mashariki. Kusi ikishika tunageuza, na mitikisiko ya kukaribia chini inabadilika nayo.

Mtu anaweza kusema: kwenye ndege kubwa mashine ndiyo inayorusha, mikono ya nini? Jibu ni la tarehe 1 Juni 2009. Airbus A330 ya Air France ilikuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris usiku, ikapita kwenye ukanda wa mvua wa ikweta, vipimo vya mwendo vikazibwa na barafu kwa muda mfupi, otopailoti ikajitoa. Kapteni alikuwa kwenye mapumziko yake ya zamu. Marubani wawili walioachiwa usukani walijikuta wanarusha kwa mkono, kwenye anga la juu, gizani, jambo ambalo katika kazi yao ya kila siku halikuwa likitokea. Dakika chache baadaye ndege ilikuwa baharini na watu 228 wamekufa. Mkasa ule ulikuwa na sababu nyingi, na siwasemi vibaya marehemu. Ninachosema ni kwamba mikono inayohitajika usiku wa aina hiyo haitengenezwi kwenye masafa marefu. Unakwenda nayo ukiwa umeshaipata mahali pengine.

Saa nyingi kichwani

Rubani anayezungumza Kiswahili huishi na saa za aina tatu. Karatasi zote za safari huandikwa kwa UTC, saa moja inayotumika dunia nzima. Toa tatu, unapata saa ya Kiswahili. Ongeza tatu, unapata saa iliyochapishwa kwenye tiketi ya abiria. UTC 0600 ni saa tatu asubuhi, na kwenye tiketi ni 9:00. Nilipokuwa safari za ndani hesabu hiyo niliifanya bila kufikiri, kwa sababu saa yetu huanza jua linapochomoza, na karibu na ikweta jua halibadilishi sana mwenendo wake mwaka mzima. Ukienda masafa marefu inaongezeka saa ya nne, ya ugenini, na ya tano, ya mwilini mwako, isiyokubaliana na yoyote kati ya hizo.

Guangzhou iko saa tano mbele yetu. New York iko saa saba au nane nyuma, kutegemea majira. Mwili huhama kama saa moja kwa siku, nawe unapewa usiku mmoja au miwili hotelini kabla ya kurudi. Kwa hiyo hauhami ukafika. Unaanza kuhama, unavutwa kurudi, unaanza tena. Zaidi ya hapo, ndege nyingi za kwenda Ulaya huondoka Nairobi na Dar usiku ili abiria waamkie kule. Wanaoshughulikia uchovu wa marubani hutaja kipindi cha saa nane usiku hadi karibu saa kumi na mbili alfajiri kuwa ndipo mwili unapokuwa chini kabisa. Hapo ndipo hasa unapokuwa umekaa kitini, taa zimepunguzwa, mashine zinanguruma kwa sauti moja, na mwenzako anakuuliza jambo mara mbili kabla hujamsikia.

Dreamliner, yaani Boeing 787, iliyotengenezewa kazi hiyo ina chumba kidogo cha marubani juu ya dari la abiria wa mbele, chenye vitanda viwili. Hewa ya ndani ya ndege hiyo nayo hubanwa ikawa kama ya kimo cha futi 6,000, ilhali kwenye ndege za zamani ilifika kama ya futi 8,000, na tofauti hiyo nimeiona kwenye kichwa changu mwenyewe. Lakini kitanda cha angani si kitanda. Nililala kule miaka sita, na kama niliwahi kulala usingizi mzito, zilikuwa siku za kuhesabika.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliweka kazi za zamu za usiku mwaka 2007 kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2019 likarudia uamuzi huo. Mionzi ya anga za juu nayo ipo, ingawa hapa tuna nafuu: usumaku wa dunia hukinga zaidi karibu na ikweta kuliko karibu na ncha, hivyo anayekwenda Mumbai hupata kidogo kuliko anayevuka kaskazini mwa Atlantiki.

Safari za ndani hazina usingizi wa mfalme, nisije nikakudanganya. Ndege ya kwanza ikiondoka saa kumi na mbili asubuhi, kengele yako inalia saa tisa usiku. Siku nne za namna hiyo mfululizo, ya nne unaingia uwanjani na kichwa kizito, kisha kuna miruko minne inayokungoja, joto la Dodoma saa nane mchana, na ndege inayotakiwa kuondoka tena baada ya nusu saa. Uchovu huo ni wa kweli. Tofauti yake ni kwamba hulipika: usiku mbili kitandani kwako, nawe ni mtu tena. Ule wa masafa marefu nilikuwa nikilipa kidogo na kukopa zaidi, hadi daktari wa leseni alipoanza kuniuliza maswali kuhusu shinikizo la damu nikiwa na miaka 41.

Kule juu kuna nini?

Ningekuwa simtendei haki kijana nisingemwambia pia uzuri wa kazi ile, maana upo na mimi niliupenda.

Masafa marefu ni kazi ya kuwaza. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, anga la nchi ile lilifungwa, na safari za kutoka kwetu kwenda Ulaya zikalazimika kuzunguka. Ghafla mafuta yaliyotosha hayatoshi, uwanja mbadala uliouzoea haufai tena, na wewe ndiye unayekaa na ramani saa mbili kabla ya kuondoka ukipima: nibebe tani ngapi za ziada, niache mizigo kiasi gani? Ukiwa juu ya bahari unajua kila dakika uwanja wa karibu ni upi endapo injini moja itazima, na kuna nukta ambapo kurudi na kuendelea ni muda ule ule, nukta unayoivuka kimya kimya kila safari. Kwenye sehemu za Afrika ambako huduma ya waongoza ndege ni dhaifu, marubani hutangaziana wenyewe mahali walipo kwenye masafa ya redio ya 126.9: sauti ya Mhabeshi, ya Mfaransa, ya Mnaijeria, kila mmoja akitaja kimo chake na dakika atakayofika mahali fulani. Usiku wa namna hiyo, radi ikimulika mawingu toka ndani upande wa Kongo, nilikuwa nahisi dunia ni kubwa na mimi nina sehemu ndani yake.

Unajifunza pia kuongoza watu wengi zaidi, na kuamua mambo ambayo hayana jibu jepesi: abiria mgonjwa katikati ya bahari, daktari aliyejitolea anasema anaweza kusubiri, mkewe anasema hawezi. Kapteni wa safari za ndani mara nyingi yuko dakika 40 kutoka kwenye uwanja. Wa masafa marefu anaweza kuwa mbali zaidi ya saa mbili. Uzito huo humkomaza mtu, na wapo marubani ninaowaheshimu sana ambao waliumbwa kwa ajili yake: wapole, wenye subira, wanaosoma vitabu vya ndege kama mwingine anavyosoma habari za mpira.

Nyumbani

Baba mdogo, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, alifariki alfajiri ya Ijumaa. Mimi nilikuwa hotelini Guangzhou. Akazikwa Tanga alasiri ile ile, kama inavyotakiwa maiti isicheleweshwe, nami nikafika siku ya hitima. Wenzangu wa safari za ndani siku hiyo hiyo wangekuwa makaburini. Hilo halina wa kulaumiwa, na bado halijaniisha.

Lakini mizani ya nyumbani haielemei upande mmoja kama watu wanavyodhani. Wa safari za ndani hurudi karibu kila jioni, ukitoa usiku wa kulala Mwanza au Mbeya, ila anarudi amechoka na kesho anaondoka kabla watoto hawajaamka. Wa masafa marefu hupotea siku nne, kisha anakaa nyumbani siku nne nzima. Nilimpeleka binti yangu shuleni na kumrudisha wiki nzima, jambo ambalo sasa siliwezi. Niliporudi safari za ndani nilidhani mke wangu atafurahi moja kwa moja. Baada ya miezi michache akaniambia: "Zamani ukija, ulikuwa umekuja. Sasa unapitia."

Kwa hiyo usichague kwa kudhani unajua familia yako inataka nini. Waulize. Na kama kuna mtoto wa miezi saba, uliza hasa nani atakuwa na mwenzio zile usiku nne, kwa sababu shangazi na bibi wakiwa Singida nanyi mko Kimara, majibu yanabadilika.

Pesa na foleni

Hapa nitakuwa mfupi. Ndege kubwa kwa kawaida hulipa zaidi, lakini angalia tofauti hiyo inatoka wapi. Ikiwa sehemu kubwa ni posho za kulala ugenini, basi ukiugua, ukiwa likizo, au ndege ikiwa matengenezoni, pesa hiyo haipo. Benki ikikukopesha nyumba huangalia mshahara wa msingi. Linganisha mshahara wa msingi na wa msingi.

Foleni ya ukapteni ndiyo inayosahauliwa. Air Tanzania ina Dreamliner tatu, Kenya Airways tisa. Viti vya kapteni kwenye ndege chache ni vichache, na walio navyo hawana haraka ya kuondoka; umri wa kikomo kimataifa kwa marubani wa mashirika ni miaka 65. Kijana anayetoka kwenye pangaboi akiwa msaidizi anaweza kukaa msaidizi miaka mingi, akiangalia wenzake aliowaacha wakivaa mistari minne ya kapteni kabla yake. Saa ulizorusha ukiwa kapteni ndizo zinazofungua milango baadaye, hata kama zilipatikana kati ya Tabora na Kigoma.

Wapo wanaoruka foleni kwa kwenda Ghuba. Fahamu tu kwamba shirika kama Emirates halina ndege ndogo kwenye safari zake za ratiba. Ukiingia humo umechagua masafa marefu na kuhamisha makazi kwa wakati mmoja, na kurudi nyuma ni kurudi nchi, si kubadili ndege. Tena kumbuka mwaka 2020. Kenya ilifungua safari za ndani tarehe 15 Julai na za kimataifa tarehe 1 Agosti, lakini tofauti kamili ilionekana baadaye: duniani kote watu walirudi kwanza kwenye ndege za ndani ya nchi zao, na ndege kubwa zikabaki zimeegeshwa jangwani muda mrefu.

Nilichomwambia

Angekuwa kapteni tayari, mwenye miaka 35 hivi, watoto wameshaanza shule, anayelala vizuri mchana (wapo watu wa hivyo, ni kipaji), ningemwambia aende kesho. Aweke muda kichwani, miaka mitano au sita, ajifunze bahari na vita na mafuta, kisha apime tena. Na asiye na familia bado, mwenye hamu ya dunia, nisingemzuia, ila ningemtaka awe amekwisha kutua vya kutosha huku chini kiasi kwamba mikono yake haihitaji kukumbushwa.

Lakini huyu ana saa 2,100 na mwaka mmoja na nusu tu, kwa jinsi rosta yao inavyokwenda, kabla ya kuitwa mafunzo ya ukapteni. Kwake naona jibu ni kubaki hadi mstari wa nne ukae begani. Nilimwambia hivyo, akanyamaza, akasema usaili ni Alhamisi.

Basi nikamwambia aende kwenye usaili huo. Wakifika pa kumuuliza kama ana swali, aombe rosta ya miezi mitatu iliyopita ya rubani msaidizi wa daraja lake, jina likiwa limefutwa. Akirudi nyumbani aiweke mezani, yeye na mkewe wachukue kalamu ya rangi, wapake kila usiku ambao angekuwa nje, na pembeni waandike mara ngapi mtu yule alitua.